Zile V kwenye ubavu wa ndege za Wajerumani Vita vya Pili: ni cheo cha rubani au ni nini?

#1 FundiPlastiki
Wakuu, salama? Kaka yangu aliyeko Hamburg amenitumia zawadi: modeli ya plastiki ya kuunganisha, Messerschmitt Bf 109. Ndani kuna karatasi ya stika. Ina misalaba, namba za njano na nyekundu, mistari, na zile V zilizolazwa ubavuni kama mishale. Nyingine ni V moja, nyingine V mbili zinafuatana. Maelekezo yote ni Kijerumani.

Hoja yangu ni hii: hizo V ni cheo cha rubani. Kwetu V moja mkononi ni koplo usu, mbili koplo, tatu sajenti. Kwa hiyo ndege ya V mbili ilirushwa na koplo, na zenye namba tupu zilikuwa za askari wasio na cheo. Jirani yangu mstaafu wa jeshi kaniunga mkono. Mwenye kupinga alete hoja mapema, nataka kubandika usiku huu.

#2 Kobe_wa_Prisoni
Usibandike. Subiri wenye mada wafike. Mimi nimeshakaa.

#3 AngaNaArdhi
Mkuu #1, umekosea, ila kosa lako lina mantiki. Zile V zilionyesha KAZI ya mwenye ndege, hazikuonyesha cheo chake. Zilikuwa za makao makuu ya kikosi.

Anza na mpangilio. Ndege mbili zikiruka pamoja ni Rotte, nne ni Schwarm. Ndege kama kumi na mbili hivi zinafanya Staffel. Staffel tatu zinafanya Gruppe, na Gruppe tatu zinafanya Geschwader. Kwa ndege za kivita Geschwader iliandikwa JG na namba yake: JG 26, JG 27, JG 52. Gruppe ziliandikwa kwa namba za Kirumi, Staffel kwa namba za kawaida. Gruppe ya I ilikuwa na Staffel 1 hadi 3, ya II ilikuwa na 4 hadi 6, ya III ilikuwa na 7 hadi 9.

Sasa V zako. V mbili ni Gruppenkommandeur, yaani mkuu wa Gruppe nzima. V moja ni adjutanti wake, ofisa wa shughuli za makao. V yenye duara pembeni ni ofisa wa ufundi. Mkuu wa Geschwader yote, Kommodore, alikuwa na V pamoja na mistari ya kulala. Kwa hiyo yule uliyemwita koplo ndiye bosi wa ndege zaidi ya thelathini.

#4 FundiPlastiki
Duh! Bosi nimemshusha hadi koplo. Asante mkuu, stika nimerudisha kwenye bahasha.

Lakini sijashindwa bado. Kama V mbili ni za mkuu wa Gruppe, na mkuu wa Gruppe lazima awe na cheo fulani, basi V hiyo si inaonyesha cheo hicho hicho?

#5 AngaNaArdhi
Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kazi moja ilishikwa na vyeo tofauti. Mkuu wa Staffel (Staffelkapitän) angeweza kuwa Oberleutnant au Hauptmann. Mkuu wa Gruppe, Hauptmann au Major. Kommodore, kuanzia Major hadi Oberst. Mtu alipandishwa cheo na V yake ikabaki vilevile, au alihamishwa kazi na V ikafutwa wakati cheo hakijaguswa.

Mfano mzuri kuliko wote uko juu kabisa. Kulikuwa na wadhifa ulioitwa General der Jagdflieger, mkuu wa ndege zote za kivita. Ukisikia hivyo unadhani ni jenerali. Werner Mölders aliushika wadhifa huo akiwa Oberst, yaani kanali. Alipokufa Novemba 1941 akarithi Adolf Galland, naye pia alikuwa Oberst, akawa jenerali kwa cheo mwaka uliofuata akiwa na miaka 30.

#6 BintiKilosa
Basi cheo chenyewe kilionekana wapi? Maana rubani akishuka kwenye ndege kavaa ovaroli, askari wa zamu anajuaje ampigie saluti au asimpigie?

#7 Sajenti_Mstaafu
Dada yangu, hilo ni swali la mtu aliyekaa kambini. Kwenye sare, cheo kilikuwa begani na kwenye kola. Kola ilikuwa na vibawa vidogo. Askari wa chini kabisa, Flieger, kibawa kimoja. Gefreiter viwili, Obergefreiter vitatu, Hauptgefreiter vinne. Kisha hesabu inaanza upya: Unteroffizier kimoja, Unterfeldwebel viwili, Feldwebel vitatu, Oberfeldwebel vinne, ila hawa kola yao imezungushiwa utepe unaong'aa. Ofisa hesabu inaanza tena: Leutnant, Oberleutnant na Hauptmann wana kimoja hadi vitatu na majani ya mwaloni chini yake. Major, Oberstleutnant na Oberst pia kimoja hadi vitatu, lakini majani yamezunguka kama shada. Kwa hiyo ukihesabu vibawa peke yake unaweza kumpigia saluti Hauptgefreiter ukidhani ni Oberfeldwebel. Angalia utepe kwanza.

Kwenye ovaroli ya kurukia kulikuwa na kiraka mkononi chenye vibawa hivyohivyo, na maofisa waliongezewa mstari chini yake: mmoja kwa Leutnant hadi Hauptmann, miwili kwa Major hadi Oberst.

#8 Mtoto_wa_Ngara
Sajenti heshima yako. Kwa hiyo Hauptmann ni meja, siyo? Maana nimeona mahali wameandika hivyo.

#9 Sajenti_Mstaafu
Hapana. Leutnant ni luteni usu, Oberleutnant ni luteni, Hauptmann ni kapteni, Major ni meja, Oberstleutnant ni luteni kanali, Oberst ni kanali. Mtego uko kwa majenerali. Wajerumani hawakuwa na brigedia. Generalmajor wao ndiye jenerali wa ngazi ya chini kabisa, kwa hiyo analingana na brigedia jenerali wetu, ingawa jina linakuvuta useme meja jenerali. Baada yake Generalleutnant, halafu General der Flieger, Generaloberst, Generalfeldmarschall. Na juu ya wote Reichsmarschall, cheo alichopewa Göring, mkuu wa jeshi la anga, peke yake Julai 1940.

#10 Mtoto_wa_Ngara
Nimeelewa. Na hiyo kola ya njano niliyoona kwenye picha ni ya marubani wa ndege zenye namba za njano?

#11 AngaNaArdhi
Hapana kaka, hizo njano mbili hazijuani. Kola ya njano ni ya kada: marubani na wahudumu wa ndege, pamoja na askari wa miavuli. Wapiga mizinga ya kutungulia ndege walivaa nyekundu, watu wa mawasiliano kahawia. Namba ya njano kwenye ndege ni rangi ya Staffel. Rubani wa namba nyeupe naye alivaa kola ya njano.

Rangi za Staffel ziko hivi: ya kwanza katika Gruppe nyeupe, ya pili nyekundu, ya tatu njano. Kwa hiyo Staffel ya 1, ya 4 na ya 7 zote nyeupe. Ya 2, 5 na 8 nyekundu. Ya 3, 6 na 9 njano. Zisichanganyane, nyuma ya msalaba palikuwa na alama ya Gruppe: ya I hakuna kitu, ya II mstari wa kulala, ya III mstari wa mawimbi au uliosimama. Ukiona namba ya njano na mstari wa kulala, hiyo ni Staffel ya 6. Ni kama namba za daladala: rangi inakwambia njia, namba inakwambia gari.

#12 Kobe_wa_Prisoni
Hii ya daladala nimeielewa kuliko zote. Endelea hivyohivyo.

#13 FundiPlastiki
Naleta hoja ya pili sasa. Namba 1 ndiyo ya mkubwa, namba kubwakubwa ni za wageni. Hilo halina ubishi.

#14 Nyota_ya_Tanga
Lina ubishi mkubwa. Hans-Joachim Marseille, Staffel ya 3 ya JG 27, Afrika Kaskazini. Ndege zake zilibeba 14 ya njano. (Ya 3, kwa hiyo njano. Gruppe ya I, kwa hiyo hakuna mstari nyuma. Somo la #11 linakubali.) Alifika Libya mwaka 1941 akiwa bado kadeti, Oberfähnrich, wenzake wa kozi wameshakuwa maofisa, kwa sababu alikuwa mtovu wa nidhamu. Akawa Leutnant, akawa Oberleutnant, akawa Hauptmann na mkuu wa Staffel akiwa na miaka 22. Cheo kinapanda, kazi inabadilika, 14 ya njano iko palepale. Alihesabiwa kutungua ndege 158. Tarehe 30 Septemba 1942 injini ya Bf 109 mpya ilijaa moshi, akaruka, akagonga mkia wa ndege yake mwenyewe, mwavuli haukufunguka.

#15 Mchana_Kweupe
#14, mfano mmoja hauangushi kanuni. Erich Hartmann, mwenye hesabu kubwa kuliko marubani wote duniani, ndege 352, alipokuwa mkuu wa Staffel ya 9 ya JG 52 alirusha 1 ya njano. Na jina lake redioni lilikuwa "Karaya 1". Moja ni moja.

#16 Nyota_ya_Tanga
Nami sijasema wakuu hawakupenda 1. Nasema haikuwa amri. Wengine walichukua 1, wengine walishika namba iliyowaletea bahati.

#17 Mchana_Kweupe
Bahati si hoja. Mkuu wa Staffel anaruka mbele, wenzake wanahitaji kumtambua upesi. Namba 1 inasomeka haraka kuliko 14.

#18 Dereva_Mstaarabu
Nimewahi kuendesha gari la msafara. Huwezi kusoma namba ya gari la mbele kwenye vumbi, unamjua dereva kwa anavyokata kona. Sidhani hewani ilikuwa tofauti.

#19 BintiKilosa
Narudi kwenye cheo. Je, mwenye cheo kidogo aliweza kumwongoza mwenye cheo kikubwa hewani? Kwetu jambo hilo lingeleta kesi.

#20 Sajenti_Mstaafu
Iliwezekana. Kwenye Rotte aliyetangulia alikuwa mwenye uzoefu, na Feldwebel mzoefu aliweza kutangulia akimfundisha Leutnant aliyetoka chuoni juzi. Wakitua, saluti inarudi mahali pake. Heinz Bär alitungua ndege yake ya kwanza Septemba 1939 akiwa Unteroffizier tu, akamaliza vita akiwa Oberstleutnant.

Na kwenye ndege za mabomu kuna jambo la ajabu zaidi. Miaka ya mwanzo ya vita, mkuu wa ndege mara nyingi hakuwa rubani. Alikuwa Beobachter, yule anayesoma ramani na kulenga mabomu, naye ni ofisa. Rubani anaweza kuwa Feldwebel anayeambiwa "kata kushoto". Kwa mtu aliyezoea kwamba rubani ndiye nahodha, hiyo ni habari.

#21 Mtoto_wa_Ngara
Kama dereva wa lori na tanboi wake, tanboi ndiye mwenye mzigo 😂

#22 AngaNaArdhi
Kwa kuwa tumefika kwenye ndege za mabomu, hizo hazikutumia namba na V. Zilitumia herufi nne. Mbili kabla ya msalaba, mbili baada. Mbili za kwanza ni Geschwader (ya mabomu iliandikwa KG): 5J ni KG 4, A1 ni KG 53, 1H ni KG 26, G1 ni KG 55. Hazikufuatana kwa makusudi, ili adui asihesabu. Herufi ya tatu ni ya ndege yenyewe, na ilipigwa rangi ya Staffel. Ya nne ni Staffel: H, K, L kwa ya 1, 2, 3, M, N, P kwa ya 4, 5, 6, R, S, T kwa ya 7, 8, 9. A ni makao ya Geschwader, B, C na D ni makao ya Gruppe.

Tuseme umeona 5J+GP. KG 4, ndege G, Staffel ya 6, na hiyo G itakuwa njano.

#23 Nyota_ya_Tanga
Wameruka I, J, O na Q. Nadhani zisichanganywe na herufi na namba nyingine.

#24 Mchana_Kweupe
Na adui alihesabu vilevile! Waingereza walikuwa na maofisa waliokwenda kwenye kila ndege iliyoanguka, wakanakili herufi, wakasoma vibati vya kiwanda, wakahoji mateka. Siri ya herufi haikudumu. Baadaye katika vita Wajerumani wenyewe walizifanya zile herufi mbili za kwanza ndogo sana, kama sehemu ya tano ya ukubwa wa zile nyingine.

Na kuna wachumi wa upande wa Washirika waliokadiria uzalishaji kwa kutumia namba za mfuatano peke yake. Kwa Agosti 1942 majasusi walisema 1,550 kwa mwezi, hesabu ya namba ikasema 327, na nyaraka za Wajerumani zilipofunguliwa baada ya vita zikaonyesha 342.

#25 AngaNaArdhi
Sahihisho dogo: takwimu hizo ni za vifaru, si ndege. Mbinu ni ileile.

#26 Mchana_Kweupe
Ni kweli, vifaru. Nimekubali.

#27 FundiPlastiki
Kwenye karatasi yangu kuna vinamba vidogo sana vya mkiani, tarakimu nne au tano. Navyo?

#28 AngaNaArdhi
Hiyo ni Werknummer, namba ya kiwanda. Ichukue kama namba ya chesesi. Namba ya ubavuni ni kama pleti, inabadilika ndege ikihama kikosi. Werknummer inazaliwa na ndege na inakufa nayo. Ndiyo maana Bf 109 moja inaweza kuwa na picha tatu zenye alama tatu.

#29 Mswahili_wa_Birmingham
Wadau, kuna moja nimeiona kwa macho yangu huku: "Sita Nyeusi", Bf 109 G-2, Werknummer 10639, ya Staffel ya 8, Gruppe ya III ya JG 77 (Gruppe hiyo huandikwa III./JG 77). Waaustralia waliikamata Libya Novemba 1942. Ilikarabatiwa kwa miaka mingi, ikaruka tena mwaka 1991, ikaanguka Duxford Oktoba 1997, rubani akapona, ikatengenezwa upya iwe ya kuonyesha tu. Nilisimama pale nikashangaa ilivyo ndogo. Kiti cha rubani ni kama kiti cha bajaji.

#30 BintiKilosa
Ngoja. Staffel ya 8 ni ya pili kwenye Gruppe ya III. Somo la #11 linasema nyekundu. Mbona hii nyeusi?

#31 AngaNaArdhi
Swali zuri sana dada, na wataalamu hawajaelewana. Vikosi vingi vilitumia nyeusi badala ya nyekundu. Mimi naamini ni kwa sababu nyekundu ilifanana na rangi za duara la Waingereza na nyota ya Warusi, na kwenye vita sekunde moja ya kujiuliza inaua.

#32 Nyota_ya_Tanga
Sikubaliani. Kama nyekundu ingekuwa hatari wangeipiga marufuku kabisa, na wapo walioitumia hadi mwisho. Nadhani ni suala la kuonekana tu: kwenye ndege iliyopakwa kijivu hafifu au rangi ya mchanga, nyeusi inasomeka vizuri zaidi.

#33 Dereva_Mstaarabu
Au rangi iliisha stoo. Mnaopenda nadharia kubwa mnasahau stoo.

#34 Mchana_Kweupe
Kabla ya nyekundu na nyeusi, tuulize kwa nini nyeupe, nyekundu, njano kwa mfuatano huo. Jeshi la nchi kavu la Prussia, miaka mingi kabla ya ndege, lilikuwa na vishada vya upanga na bayoneti vyenye rangi za kampuni: ya kwanza nyeupe, ya pili nyekundu, ya tatu njano, ya nne buluu. Na Gruppe zilipoongezewa Staffel ya nne mwaka 1944, rangi yake mara nyingi ikawa buluu. Huo ni urithi wa nchi kavu uliopanda hewani.

#35 Nyota_ya_Tanga
Hii ya vishada nimeipenda. Lakini buluu ilikuwa pia ya makao ya Geschwader, kwa hiyo isiwe rahisi hivyo.

#36 Kisiwa_cha_Mafia
Assalaam aleykum. Nimesoma uzi wote. Mmetaja sana msalaba wa ndege hizo, nami nilikuwa nauita "msalaba wa Balkan". Kulikuwa na uhusiano gani na Balkan?

#37 AngaNaArdhi
Waaleykum salaam. Hakuna. Ni Balkenkreuz. Balken ni boriti. Msalaba wa boriti, kwa sababu mikono yake imenyooka. Ule wa mwanzo wa Vita vya Kwanza ulikuwa na mikono iliyopanuka nchani, wakaubadilisha 1918.

#38 Kisiwa_cha_Mafia
Ahsante. Basi nami nitoe cha kwetu. Ndege za kivita kwetu Mafia ni habari ya Vita vya Kwanza, na zilikuwa za Waingereza. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha delta ya Rufiji, ndege zilirushwa kutoka Mafia kuangalia makombora yanaangukia wapi, na tarehe 11 Julai 1915 meli Severn na Mersey zikaimaliza. Wazee wetu waliona ndege kabla ya kuona gari.

#39 Nyota_ya_Tanga
Na Wajerumani wakajaribu kuleta chombo cha anga huku Novemba 1917, Zeppelin L 59, kutoka Bulgaria, kimebeba dawa na risasi za Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku. Kilifika anga la Sudan kikageuka. Saa 95 hewani bila kutua. Na kwa kuwa huu ni uzi wa vyeo: nahodha wake, Bockholt, alikuwa Kapitänleutnant. Hicho ni cheo cha jeshi la maji, maana zeppelin hiyo ilikuwa mali yao.

#40 Mjukuu_wa_Shaushi
Jina langu limeniita. Babu mzaa babu alikuwa shaushi kwenye jeshi la Mjerumani huku kwetu. Nyumbani tulikua tukidhani ni jina la ukoo. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikajua vyeo vya askari Waafrika havikuwa vya Kijerumani. Vilikuja na askari wa Kisudani: ombasha, shaushi, betshaushi, sol, na juu kabisa efendi. Ndicho Kituruki kilichopita Misri. Na efendi huyo ndiye "afande" tunayemwita kila siku.

#41 Sajenti_Mstaafu
Miaka 27 nimeitikia "ndiyo afande" bila kujua namwita mtu kwa Kituruki. Asante sana mjukuu.

#42 Mwalimu_Rehema
Kwa heshima ya uzi, naomba niseme jambo kuhusu mkia wa ndege. #1, kwenye stika zako huenda swastika imekatwa vipande viwili au haipo kabisa. Si kosa la kiwanda. Ujerumani sheria inaibana alama hiyo.

Na sisi tuna sababu yetu ya kuitazama kwa uzito. Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari aliyekuwa efendi, cheo hichohicho cha #40. Alipigana Vita vya Kwanza akiwa mtoto, upande wa Wajerumani. Akaenda Berlin 1929 kudai mshahara wake na wa baba yake, akabaki, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 utawala wa alama hiyo ulimkamata, na alikufa kambini Sachsenhausen Novemba 1944. Leo kuna kibati chenye jina lake mbele ya nyumba aliyokaa. Tujadili rangi na vibawa, ni historia, lakini mwalimu wetu wa Kiswahili nisingependa apitwe kimya.

#43 FundiPlastiki
Mwalimu, shikamoo. Sikumjua. Kwenye karatasi yangu imekatwa vipande viwili kweli. Sitaiunganisha.

#44 Mjukuu_wa_Shaushi
Nimesoma #42 mara tatu. Ahsante mwalimu.

#45 Mchana_Kweupe
Kuhusu mkia, kuna kisa cha JG 53. Nembo yao ilikuwa shupaza, ya karata. Kiangazi cha 1940 ndege zao zikaonekana na mkanda mwekundu puani badala ya nembo, na baadhi yao swastika mkiani ikapakwa rangi. Inasimuliwa kwamba Göring aliwaondolea nembo kwa sababu mke wa Kommodore wao, von Cramon-Taubadel, alikuwa na asili ya Kiyahudi, na marubani wakajibu kwa kufuta swastika. Baadaye mwaka huohuo Kommodore aliondolewa, akaja von Maltzahn.

#46 AngaNaArdhi
Picha za mkanda mwekundu zipo, na mikia iliyopakwa ipo. Sababu ndiyo inayobishaniwa. Wapo wanaosema mkanda ulikuwa alama ya utambuzi tu, kama zile pua za njano za mwaka huohuo. Waingereza walidhani pua za njano ni kikosi teule, kumbe ilikuwa rangi ya kutambuana haraka, vikosi vingi vilipaka.

#47 Nyota_ya_Tanga
Alama ya utambuzi inaeleza mkanda. Haielezi kwa nini mtu apake rangi alama ya chama tawala.

#48 AngaNaArdhi
Hapo sina jibu la kukutosheleza.

#49 FundiPlastiki
Wakuu, nimeamua. Nabandika V moja na mstari wa kulala nyuma. Hiyo inasomekaje?

#50 BintiKilosa
Adjutanti, Gruppe ya II! Naona nimefaulu mtihani.

#51 Nyota_ya_Tanga
Umefaulu. Na ndivyo ilivyokuwa ndege ya Franz von Werra, Oberleutnant, adjutanti wa II./JG 3, aliyetunguliwa Kent tarehe 5 Septemba 1940. Alipelekwa Kanada kama mateka, Januari 1941 akaruka dirishani treni ikienda, akavuka mto ulioganda hadi Marekani.

#52 FundiPlastiki
Basi ni huyo. Lakini ndege ya pili (kaka katuma mbili) ni Staffel ya 8. Nyekundu au nyeusi? Nataka jibu moja.

#53 Mswahili_wa_Birmingham
Jumamosi naenda kwenye Sita Nyeusi. Nitapiga picha ya namba kwa karibu.

#54 Mpiga_Picha_Msasani
Kaka, hiyo imepakwa upya zaidi ya mara moja, rangi yake si ushahidi. Na picha za zamani nazo mziangalie kwa makini. Mimi nimefanya kazi ya studio na filamu. Kuna filamu ya zamani, ya ortho, haioni nyekundu. Nyekundu inatoka nyeusi tii. Huenda nusu ya hizo "nyeusi" mnazobishania zilikuwa nyekundu siku ilipopigwa picha.

#55 Mchana_Kweupe
Loh! Hiyo inavunja meza nzima.

#56 Nyota_ya_Tanga
Haivunji. Filamu hiyohiyo inatia giza hata njano. Kwa hiyo utasema na 14 ya Marseille ilikuwa nyekundu?

#57 Mpiga_Picha_Msasani
14 mnayo kumbukumbu ya walioiona kwa macho. Nyekundu za Staffel ya 8 nani aliziona? Leteni picha yenye vitu viwili: namba hiyo, na kitu kingine tunachojua rangi yake, bendera, au mkanda wa mkiani. Tulinganishe giza na giza.

#58 FundiPlastiki
Ninayo moja ndani ya kijitabu cha modeli. Naiskani sasa hivi.